Mwezi, Jua na Wanyama Kumi na Wawili: Utangulizi wa Mwaka Mpya wa Kichina

Wengi huingia katika somo hili kwa swali moja: "Mimi ni mnyama gani?" Wakiambiwa ni Nyoka au Nguruwe hucheka kidogo, huuliza kama hiyo ni bahati au mkosi, kisha mazungumzo huishia hapo. Swali lenyewe si baya, na jibu lake utalipata katika kurasa hizi. Lakini nakuomba subira. Wanyama hao kumi na wawili, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni majina ya miaka. Ni chombo cha kuhesabia wakati. Asiyeijua hesabu iliyowazaa hataielewa imani iliyojengwa juu yao, ndiyo maana tutaanzia angani, kwa mwezi na jua, tupite jikoni na mezani, ndipo tuwafikie.

Wewe unayesoma Kiswahili una bahati, hasa ikiwa umekulia Pwani, maana umezoea kuishi na kalenda zaidi ya moja. Kalenda ya Miladia inakupangia shule na mshahara. Ya Hijria inakuletea Ramadhani, Iddi na Maulidi. Na kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka wa Nairuzi: hesabu ya jua ya siku 365 yenye asili ya Uajemi, ambayo wakulima na mabaharia wa zamani waliihesabu kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Hijria hufuata mwezi peke yake. Nairuzi hufuata jua peke yake. Kalenda ya jadi ya China hufuata vyote viwili kwa pamoja, na ugumu wake wote unatoka hapo. Uzuri wake pia.

Tuitazame hesabu yenyewe. Kutoka mwezi mchanga mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo hutoa siku 354. Jua nalo linahitaji siku 365 na robo ili majira yarudi pale pale. Pengo ni siku kumi na moja hivi kila mwaka, na ndilo linaloifanya Ramadhani irudi nyuma mwaka hadi mwaka, leo wakati wa masika, baada ya miaka kadhaa wakati wa kiangazi. Kwa Mwislamu hilo si kasoro, ni sehemu ya ibada yenyewe kwamba mfungo uzunguke majira yote. Mkulima wa China ya kale alikuwa na haja nyingine. Alitaka mwezi wa kwanza ubaki karibu na mwanzo wa majira ya machipuko, baridi inapoanza kulegea na ardhi kujiandaa kwa jembe. Kwa hiyo wanafalaki wake waliongeza mwezi mzima wa kumi na tatu kila pengo lilipokuwa kubwa. Mwezi huo huitwa mwezi wa nyongeza, na huingizwa mara saba katika kila miaka 19.

Mfano utalifanya jambo hili lionekane. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2026 unaangukia tarehe 17 Februari, na mwezi mchanga huohuo ndio unaofungua Ramadhani ya mwaka 1447 Hijria, siku moja au mbili baadaye. Mwaka 2027 sikukuu ni tarehe 6 Februari, na Ramadhani iko pale pale pembeni yake. Mwaka 2028 zote mbili zinarudi pamoja hadi mwisho wa Januari. Kisha zinaachana. Katikati ya mwaka 2028 kalenda ya China inaongeza mwezi, Hijria haiongezi, na mwaka 2029 Ramadhani inaingia katikati ya Januari ilhali Mwaka Mpya wa Kichina unaruka mbele hadi tarehe 13 Februari, ukutane safari hii na Iddi el-Fitri. Ukiufuatilia mwendo huo wa miaka minne, umeshaelewa tofauti kati ya kalenda ya mwezi na kalenda ya mwezi na jua, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Huenda umejiuliza kwa nini nasema "siku moja au mbili baadaye". Kwetu mwezi huanza kwa kuandama, pale uzi mwembamba wa nuru unapoonekana magharibi baada ya jua kuzama. Katika kalenda ya China mwezi huanza siku ambayo, kwa hesabu, mwezi unapita kati ya dunia na jua, wakati hauonekani kabisa. Kwa hiyo usiku wa Mwaka Mpya wa Kichina ni usiku wa giza, na tarehe 15 ya mwezi huwa ni mbalamwezi au karibu nayo.

Na huo mwezi wa nyongeza huwekwa wapi? Kwanza jua kwamba mwaka wa jua umegawanywa vituo 24, kila kimoja cha siku kumi na tano hivi, vyenye majina ya kilimo na hali ya hewa. Kumi na viwili kati yake ni vituo vikuu. Mwezi wa kawaida huwa na kituo kikuu kimoja ndani yake. Mara kwa mara hutokea mwezi usio na kituo kikuu hata kimoja, na kwa kawaida huo ndio hufanywa wa nyongeza: haupewi namba yake, bali hurudia namba ya mwezi uliotangulia. Mwaka 2025, kwa mfano, ulikuwa na mwezi wa sita mara mbili, na Mwaka wa Nyoka ulioanza 29 Januari 2025 ukafikisha siku 384. Kanuni ya pili ni kwamba solistasi ya Desemba, yaani siku ambayo upande wa kaskazini wa dunia una mchana mfupi kuliko siku zote, lazima iwe ndani ya mwezi wa kumi na moja. Ndiyo maana Mwaka Mpya karibu kila mara ni mwezi mchanga wa pili baada ya solistasi hiyo, na huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwanzo huu wa mwaka ulithibitishwa na marekebisho ya kalenda ya mwaka 104 kabla ya Kristo, enzi ya mfalme Wu wa ukoo wa Han.

Kanuni hizo zinaonekana kavu mpaka uone zinavyofanya kazi. Mwezi mchanga wa Desemba 1984 ulikuwa tarehe 22. Solistasi ilitokea usiku uliotangulia: mjini Hanoi saa 5:23 usiku wa tarehe 21, na mjini Beijing, ambako saa ziko mbele kwa saa moja, saa 6:23, tarehe 22 ikiwa imeshaingia. Kwa Wavietinamu solistasi ikawa imeangukia siku ya mwisho ya mwezi uliokuwa unakwisha. Kwa Wachina ikaangukia siku ya kwanza ya mwezi mpya. Kwa tofauti hiyo ya saa moja, Vietnam ilisherehekea Mwaka Mpya tarehe 21 Januari 1985, na China tarehe 20 Februari, mwezi mzima baadaye, hali kanuni wanazofuata ni zilezile. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi kalenda ilivyo uamuzi wa watu juu ya mambo ya mbinguni.

Hapa niondoe utata mmoja. Hakuna mwaka mpya mmoja wa Asia. Wakorea wana Seollal na Wavietinamu wana Tết, sikukuu zinazofuata hesabu tuliyoieleza. Watibeti na Wamongolia wana kalenda jamaa. Lakini Thailand, Laos, Kambodia na Sri Lanka husherehekea katikati ya Aprili kwa hesabu ya jua yenye asili ya Kihindi, na Wairani husherehekea Nowruz mwezi Machi, usiku na mchana vinapolingana. Japani iliacha kalenda ya kale tarehe 1 Januari 1873 ikahamishia sherehe zake za mwaka mpya kwenye Januari Mosi, ila wanyama ikabaki nao, na hadi leo Wajapani hutumiana kadi zenye picha ya mnyama wa mwaka.

Sasa tuingie nyumbani, na tujikite kwa Wachina, ambao huiita sikukuu hii Chunjie, Sikukuu ya Majira ya Machipuko. Shughuli huanza wiki moja kabla. Tarehe 23 au 24 ya mwezi wa mwisho, kutegemea jimbo, familia zinazoshika mila humuaga Zao Jun, mungu wa jikoni. Picha yake hubandikwa ukutani karibu na meko, na mwaka mzima inaaminika anatazama na kusikiliza: nani kamkemea mkwewe bila haki, nani kamwaga chakula. Siku hiyo anapanda mbinguni kutoa taarifa kwa Mfalme wa Jade, mkuu wa miungu. Kabla hajaondoka hupakwa midomoni utamu wa kimea, ili maneno yake yawe matamu au midomo ishikane asiseme kabisa, kisha picha huchomwa aondoke na moshi. Usiku wa mwaka mpya hubandikwa picha mpya. Napenda sana wanafunzi wajifunze mila hii mapema, kwa sababu inaonyesha namna dini ya nyumbani ya Wachina inavyokwenda: miungu ina vyeo kama watumishi wa serikali, ina ripoti za kuwasilisha, na inaweza kubembelezwa.

Baada ya hapo nyumba hufagiwa hadi pembeni kabisa, madeni hulipwa, na pande mbili za mlango hubandikwa karatasi nyekundu zenye beti mbili zinazokwenda sambamba, zilizoandikwa kwa wino mweusi au wa dhahabu. Siku ya Mwaka Mpya yenyewe ufagio haushikwi, kwa hofu ya kuifagia bahati iliyoingia. Utaona hapa kwamba kufagia si kuzuri wala kubaya kwenyewe. Kinachoamua ni upande gani wa usiku wa kuamkia Mwaka Mpya umeshika ufagio.

Usiku huo ndio kiini cha yote. Watoto waliotawanyika mijini hurudi kwa wazazi, na siku arobaini za safari zinazoizunguka sikukuu hii huwa ni uhamaji mkubwa kuliko wote duniani unaojirudia kila mwaka. Kaskazini familia huketi pamoja kutengeneza jiaozi, vidonge vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama na mboga. Bibi husukuma duara nyembamba za unga, wengine huweka kijiko cha nyama katikati, hukunja na kubana kingo kwa vidole, na katika kimoja hufichwa sarafu: atakayeing'ata ndiye mwenye neema ya mwaka. Kusini utakuta zaidi niangao, keki nzito ya unga wa mchele unaonata. Samaki mzima hakosekani mezani, na mara nyingi habakizwi mifupa mitupu, kwa kuwa katika Kichina jina lake linatamkwa sawa na "ziada". Kwa sababu ya namna hiyohiyo tarakimu 4, inayokaribiana kimatamshi na kifo, huepukwa katika pesa za zawadi. Pesa hizo hutiwa katika bahasha nyekundu ziitwazo hongbao, nao waliooa na walioolewa huwapa watoto na vijana wasio na ndoa.

Fataki za usiku wa manane zina historia ndefu. Katika karne ya 6 Zong Lin aliandika kitabu kuhusu sikukuu za bonde la kati la mto Yangtze, na humo alieleza watu wakichoma mianzi mbele ya nyumba siku ya kwanza ya mwaka, ili mlio wa kupasuka kwake uwafukuze pepo wa milimani. Baruti ilikuja baadaye, ikachukua kazi ya mwanzi. Siku ya pili mabinti walioolewa huenda kwa wazazi wao. Ziara na salamu huendelea hadi mbalamwezi ya tarehe 15, Sikukuu ya Taa. Desemba 2024 UNESCO iliziingiza desturi hizi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Na sasa wanyama. Kwa mpangilio wao ni Panya, Ng'ombe, Chui Milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Kima, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Vietnam humweka Nyati wa kufugwa mahali pa Ng'ombe, na Paka mahali pa Sungura. Japani ina Nguruwe mwitu. Joka huyu si zimwi la kuteketeza miji. Kwa Wachina ni kiumbe wa maji na mvua, ishara ya mfalme, mwenye baraka.

Usiwachanganye na buruji, nyota kumi na mbili ambazo wengi wetu tumezizoea kupitia wanajimu kama marehemu Sheikh Yahya Hussein. Buruji zinahusu mahali pa jua angani, na kila moja huchukua muda wa mwezi mmoja hivi. Mnyama wa Kichina anamiliki mwaka mzima. Waliozaliwa Machi na Novemba za mwaka mmoja wana buruji tofauti, lakini mnyama wao ni mmoja.

Kumtafuta mnyama ni hesabu ya darasa la nne. Gawanya mwaka kwa 12, utazame baki. Baki 4 ni Panya, 5 Ng'ombe, 6 Chui Milia, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi. Ikigawanyika bila baki ni Kima, 1 Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe. Jaribu na miaka unayoijua. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, mwaka wa Panya. Tanganyika 1961, Ng'ombe. Uganda, Rwanda na Burundi 1962, Chui Milia. Kenya 1963, Sungura. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964? Kwa haraka utasema Joka, na hapo ndipo wanaoanza hujikwaa. Mwaka wa Joka uliingia tarehe 13 Februari 1964. Mapinduzi yalitokea Sungura akiwa bado hajaondoka, na Muungano wa 26 Aprili ndio ulioangukia kwa Joka. Aliyezaliwa Januari au Februari, basi, lazima atazame kwanza tarehe ya sikukuu ya mwaka wake.

Kuna hadithi kwamba Mfalme wa Jade aliitisha mashindano ya kuvuka mto, Panya akapanda mgongo wa Ng'ombe kisha akaruka mbele mwishoni, na Paka hakuamshwa akakosa nafasi. Ni hadithi tamu kwa watoto, ila asili ya wanyama iko kwingine. Wachina wa enzi ya Shang, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, walikwishatumia alama za kuhesabia siku, ambazo tunazisoma kwenye mifupa ya kupigia bao iliyochimbuliwa Anyang. Alama hizo ni za aina mbili: mashina kumi ya mbingu na matawi kumi na mawili ya ardhi. Huzunguka pamoja kama magurudumu mawili ya meno, moja la meno kumi na jingine la kumi na mawili, na jozi ya kwanza hurudi baada ya hatua 60. Baadaye miaka nayo ikahesabiwa hivyo. Wanyama walikuja kuambatanishwa na matawi, labda kwa sababu jina la mnyama hukumbukika kuliko alama tupu. Katika kaburi la Shuihudi, mkoani Hubei, lililofungwa mwaka 217 kabla ya Kristo na kufunguliwa 1975, vipande vya mianzi vilivyoandikwa vina orodha ya wanyama inayokaribia ya leo, ingawa baadhi yao ni tofauti.

Mashina nayo yalioanishwa na elementi tano, yaani hali tano ambazo falsafa ya Kichina inaona zinazaana na kushindana: mti, moto, udongo, metali na maji. Hapa pia kuna njia ya mkato. Mwaka unaoishia na 4 au 5 ni wa mti, 6 au 7 moto, 8 au 9 udongo, 0 au 1 metali, 2 au 3 maji. Kwa hiyo 2026 ni Farasi wa Moto, naye hakuonekana tangu 1966.

Juu ya hesabu hiyo ndipo imani ikajengwa: tabia za watu, nani aoane na nani, mwaka gani ni mzito. Mwaka unaorudisha mnyama wako, yaani unapofikisha miaka 12, 24, 36, huhesabiwa wa hatari, si wa heri kama mgeni anavyodhani, na watu huvaa mkanda au soksi nyekundu kujikinga. Imani hizi zina uzito katika maisha ya watu. Huko Japani inasemwa kwamba mwanamke wa Farasi wa Moto atamletea mumewe balaa, dhana iliyopata nguvu kutokana na hadithi za binti Oshichi wa mji wa Edo, aliyeuawa kwa kosa la kuchoma moto mwaka 1683. Mwaka 1965 walizaliwa Japani watoto milioni 1.82 hivi. Mwaka 1966 wakashuka hadi milioni 1.36. Mwaka 1967 wakapanda hadi milioni 1.94. Wazazi waliahirisha watoto kwa kumwogopea binti ambaye hajatungwa mimba. Upande wa pili, mwaka wa Joka wa 1988 ulileta ongezeko la watoto Singapore, Hong Kong na Taiwan, kisha watoto hao wakabanana kugombea madawati ya shule.

Usidhani kuhoji mambo haya ni kazi ya wageni. Katika karne ya kwanza Wang Chong, mwanazuoni wa enzi ya Han, aliwaorodhesha wanyama hawa na papo hapo akaipinga nadharia yao: kama Panya ni wa maji na Farasi ni wa moto, na maji hushinda moto, mbona panya hamfukuzi farasi? Mimi niko upande wake. Sioni ushahidi kwamba mwaka wa kuzaliwa unampangia mtu ndoa au tabia, na yaliyotokea 1966 yananifanya niwaonee uchungu wasichana wachache waliozaliwa mwaka ule na kukua wakinong'onezewa. Lakini kalenda iliyobeba imani hiyo ni kazi kubwa ya akili, na mila za mezani ni kazi kubwa ya upendo. Mwanafunzi mzuri huvitenganisha vitu hivi vitatu bila kukidharau hata kimoja.

Ukitaka kuendelea, anza na vituo 24 vya jua, kisha mashina na matawi, na uache utabiri uwe wa mwisho. Wakati huohuo fanya zoezi moja: andika miaka waliyozaliwa watu wa nyumbani kwako, bibi na babu wakiwemo, uwatafutie mnyama na elementi, ukiwa mwangalifu kwa wale wa Januari na Februari. Ukimkuta mtu ambaye mnyama na elementi yake vimerudi vyote viwili, mpe mkono wa heri, maana ametimiza miaka sitini.